Nyimbo Ishirini na Tatu na Kadi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Saa tano nimegundua kwamba kinanda cha Baba kinawaka tangu Ijumaa bila kuzimwa. Nikanyoosha mkono nikizime, naye akanishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Ndipo akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote ya kukifuta vumbi sikuwahi kulijua. Nyimbo zake zote, ishirini na tatu, zimehifadhiwa humo ndani, na kinachozishikilia kinanda kikizimwa ni kibetri kidogo cha duara, kama kifungo cha shati. Kibetri kimechoka. Kioo cha kinanda kimekuwa kikimwonya kila anapokiwasha, na Ijumaa kilimwonya mara tatu. Kikipata umeme, nyimbo ziko salama. Kikizimwa na kibetri kikashindwa, zinafutika zote.

"Basi uzipige upya," nikasema, na kabla sijamaliza nikajuta. Vidole vya mkono wake wa kushoto vimekakamaa mwaka wa pili sasa. Anapofundisha kwaya, mkono wa kulia ndio unaopiga, na kazi yote ya kushoto inafanywa na alichokirekodi zamani. Nilirudi kwenye cherehani nikashona kola tatu, zote ndani nje, nikazifumua.

Jumanne, 4 Machi

Wifi kaja jioni kumwamkia Baba. Ni mke wa kaka yangu, anakaa vyumba vya nyuma tangu kaka apate kazi ya mbali, na anafanya kazi studio ya picha za pasipoti. Maneno ya mwanamke huyu hayajawahi kuonja sukari. Kakitazama kinanda kinachowaka mchana kutwa, akasema, "Baba, chuma hiki kimeshamaliza safari. Achana nacho, upate kipya chepesi." Kisha akaniwekea koti la studio mezani, lile wanalowavalisha wateja waliokuja bila koti, kwamba bitana imechanika, nimsaidie.

Nimeliweka chini kabisa ya rundo. Litangoja.

Jumamosi, 8 Machi

Kwaya walikuja mazoezi. Mvua. Baba hakuwaambia kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi redio amekuja. Ni mtu asiyependa maneno. Huongea kama anayeyahesabu. Amekizunguka kinanda, amekigonga ubavuni, akang'oa kifuniko kidogo cha plastiki ambacho sisi tulidhani ni pambo. Kumbe nyuma yake kuna tundu la kadi, na ndani yake pini nyembamba zimesimama safu mbili, hamsini kwa jumla. Halijawahi kutumika tangu kinanda kizaliwe. Kijitabu cha maelekezo Baba alimwazima mtu, mwaka haukumbuki wala mtu hamkumbuki.

Fundi kasema betri mpya anaweza kuitia, lakini akiitoa ya zamani tu, vyote vinakwenda. "Hamisheni nyimbo kwenye kadi kwanza. Kabla ya hapo mimi sikigusi." Kisha akatuambia tuombe umeme usikatike, akachukua mwavuli wake.

Mvua hizi, na umeme wetu huu. Nimemwangalia Baba, naye alikuwa anaangalia taa.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa mwenye duka la simu, ambaye mtaa mzima unamwita Gigabaiti. Mtu mwenye adabu. Kanipa kiti, kaniita dada, kanieleza mambo ya kadi vizuri hata nikatoka najiona msomi. Amenipa kadi ya gigabaiti sitini na nne, ndogo kama ukucha. Inaingia ndani ya adapta, na hiyo adapta inaingia ndani ya adapta nyingine pana, na hiyo pana ndiyo inayoingia kwenye kinanda. Laiti Wifi angekuwa na nusu ya upole wa yule bwana.

Alhamisi, 13 Machi

Kinanda kinasema hakuna kadi. Nimechomoa, nimefuta, nimechomeka. Hakuna kadi.

Jumamosi, 15 Machi

Gigabaiti amecheka kwa upole. "Dada, kinanda kikubwa namna ile kinataka kadi kubwa." Amenibadilishia, sasa ni gigabaiti mia moja ishirini na nane. Nikaamini. Mimi, ambaye kila siku nawaambia wateja nguo kubwa si heshima, ni kutopimwa tu.

Hakuna kadi.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefanya ujinga ambao nitauandika wote ili nisije nikausahau.

Asubuhi umeme ulizima na kuwaka mara mbili, sekunde chache tu, lakini Baba alisimama akaweka viganja vyake juu ya kinanda kama anayemtuliza mtoto mwenye homa. Nikaona siwezi kungoja tena. Nikaichukua kadi na adapta zake nikazisukuma kwenye tundu. Zikakataa. Nikasukuma kwa hasira. Nikasikia kitu kikilia *tik*.

Nilikuwa nimezigeuza juu chini. Nilipomulika kwa tochi, pini moja katika zile hamsini ilikuwa imelala ubavu, imegusana na jirani yake.

Baba hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema tu, "Mwite fundi," akaketi mbali na kinanda, jambo ambalo halifanyi.

Fundi alipofika nilikuwa tayari nimeshika sindano namba kumi na sita, nikitaka kuiinua ile pini mwenyewe. Akaniambia niitupe. Sindano ni chuma, kinanda kina umeme, na kukizima hatuwezi. Nikigusa pini mbili kwa pamoja naunguza kila kitu. Vifaa vyake vyote navyo vilikuwa vya chuma. Tukatazamana.

Nikakumbuka sindano za plastiki za kufumia sweta, zile nyembamba kabisa za masweta ya watoto wachanga. Nikaichonga moja ncha kwa wembe mpaka ikawa kama kijiti cha meno. Fundi akasema mkono wake unatetemeka kwa kazi ya namna hiyo, na wangu umezoea kutunga uzi. Kwa hiyo yeye akashika tochi na lenzi, mimi nikapiga magoti. Nikaisukuma pini kidogo, nikaacha. Nikaisukuma tena. Chuma kinachokunjwa haraka hukatika, hilo nalijua kwa vifungo vya suruali. Ilichukua karibu saa nzima. Iliposimama wima na wenzake, fundi alisema neno moja: "Kashone." Sikujua kama ananisifu au ananifukuza, lakini nilicheka mpaka machozi, na Baba akarudi kwenye kiti chake cha kawaida.

Kisha fundi akaiokota ile kadi, akaisoma, akatikisa kichwa. Kinanda hiki kilitengenezwa zamani, wakati kadi zilikuwa ndogo. Kadi kubwa hakijui kuihesabu, kwa hiyo kinaona hakuna kitu. Tutafute ya gigabaiti mbili kushuka chini. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, nami nimeijua methali hiyo tangu shule.

Jumatatu, 24 Machi

Maduka manane. Hakuna anayeuza kadi ndogo. "Hazitengenezwi tena, mama." Gigabaiti amenishauri niuze kinanda. Kwa upole.

Ijumaa, 28 Machi

Mwanakwaya mmoja wa sauti ya pili ana simu ya zamani yenye kadi ya gigabaiti mbili. Ameitoa, amefuta picha zake za harusi baada ya kuzihamisha, ametupatia bila hata kuuliza sana. Nikaitia kwenye adapta, adapta kwenye adapta, safari hii juu juu, chini chini.

Kinanda kikaiona! Baba akapiga makofi. Tukaanza kuhifadhi wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika wa nne kioo kikaganda, kikaandika kosa. Tulipofungua kadi ilikuwa tupu, hata zile tatu hazimo. Tumejaribu mara sita, na kila mara kinagandia pengine.

Fundi amesema tatizo sasa ni adapta. Adapta juu ya adapta ni mkalimani juu ya mkalimani. Mwisho hakuna aliyesikia. Tunahitaji kadi pana ya zamani yenyewe, inayoingia moja kwa moja. Nikamuuliza nitaipata wapi. Akainua mabega.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Wifi kaulizia koti. Nimemwambia nina kazi nyingi. Wote wawili tulijua kwamba nilikuwa nimekaa bure.

Jumamosi, 5 Aprili

Umeme ulikatika saa saba mchana, kwaya wakiwa sebuleni, ukarudi saa kumi kasoro. Saa tatu karibu kamili. Akina mama hawakuondoka. Hatimaye Baba aliwaambia kwa nini hatakiwi mtu kugusa swichi, na wao wakakaa kimya kama walio hospitalini.

Uliporudi, Baba aliwasha nyimbo moja moja. Wa kwanza upo, wa pili upo, mpaka wa nane. Wa tisa ulitoka kelele tupu, kama redio iliyopotea kituo. Akauzima. Wa kumi upo, na zilizobaki zote zipo.

"Wa tisa ulikuwa mbovu hata hivyo," akasema, hakuangalia mtu. Wa tisa ndio aliomtungia Mama alipokuwa mgonjwa. Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba la maji ili wasinisikie.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeota kadi. Pana, nyeusi. Nimeamka nimekasirika.

Jumatano, 16 Aprili

Umeme umekatika mara mbili wiki hii, dakika chache chache. Nyimbo ishirini na mbili bado zipo. Baba hali vizuri.

Nimelitoa koti la Wifi chini ya rundo. Nilimwona asubuhi anatoka kwenye mvua na bahasha ya plastiki kichwani, anaharakisha kazini, na nikaona haya. Mtu kanikosea kwa maneno mawili, mimi nimemlipa kwa wiki sita. Bitana nimeibadilisha yote, na vifungo nimeviimarisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Niandike polepole, mkono unakimbia.

Nililipeleka koti studio mwenyewe. Chumba kimoja, pazia jeupe, kiti cha kuzunguka, na kioo kidogo ambacho kila mtu anajitazama akijidanganya. Mteja mmoja alikuwa anangoja, bwana mwenye shati la kazi, akalivaa koti lile lile kabla hata Wifi hajalikagua. Wifi akamwambia asicheke, ainue kidevu, akampiga picha. Kisha akafungua ubavu wa kamera, kamera kuukuu nene kama tofali, akachomoa kadi.

Pana. Nyeusi. Ukingo wake una vitundu vidogo safu mbili.

Nikamuuliza ni nini. Akaniambia ni kadi tu, ya kamera hizi za zamani. Picha ya pasipoti haihitaji makuu. Nikamuuliza ina ukubwa gani. Megabaiti mia mbili hamsini na sita. Hata gigabaiti moja haifiki. Nikaketi kwenye kiti cha wateja, kikanizungusha nikatazama ukuta.

Niliposema kwamba naihitaji kwa ajili ya nyimbo, akanikazia macho. "Nyimbo gani?"

"Za Baba. Zimo ndani ya kinanda. Kibetri kikifa zinafutika, na mmoja umeshafutika."

Akaiweka kamera chini. "Wifi, mimi nilijua ni kinanda tu. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna nyimbo ndani."

Nikajaribu kuikumbuka siku niliyomwambia. Haikuwapo. Kwaya walijua, fundi alijua, hata Gigabaiti alijua. Yeye anayelala hatua ishirini kutoka kwenye kile kinanda ndiye niliyemnyima, kisha nikamkasirikia kwa kutojua. Nilimwomba radhi hapo hapo, mbele ya yule bwana aliyekatazwa kucheka. Wifi alisema, "Tutagombana vizuri baadaye. Twende sasa."

Akavuta droo, akatoa kopo la chai lenye kadi sita za namna ile, zimeviringishwa kwenye karatasi moja moja. Akamkabidhi bwana picha zake, akamvua koti, akabandika mlangoni karatasi ya kwamba anarudi. Tulitembea kwenye mvua, yeye ameliweka kopo kifuani chini ya kanga, mimi nimemshikia mwavuli. Nilikuwa nikimwona mkavu miaka saba. Leo nimemwona anavyotembea na kitu cha mtu mwingine, hata tope halioni.

Nyumbani nikataka kuichomeka mimi. Akanizuia. "Kadi hizi hazisukumwi. Unaielekeza, inaingia yenyewe." Akaielekeza. Ikaingia yenyewe, kama kifungo kwenye tundu lake.

Kioo kikauliza kama kiiandae kadi upya, maana hakikuzielewa picha za pasipoti. Wifi akasema iandaliwe hapo hapo na kinanda chenyewe, ndivyo hata kamera zinavyotaka. Kadi iliyoandaliwa kwingine huleta ukaidi. Baba akabonyeza. Tukaanza.

Kila wimbo ulichukua kama dakika moja. Wifi aliandika namba nyuma ya bahasha ya picha, akipiga tiki kila kioo kilipokubali. Tulipita wa nne, ule uliotushinda. Tulipita wa kumi. Katika wa kumi na tano radi ikapiga karibu, taa ikafifia, ikawa nyekundu, ikabaki hivyo. Baba alifumba macho. Wifi alishika mkono wangu, nami nikaukaza wake, na hakuna aliyekumbuka kwamba tuna ugomvi wa kumalizia. Taa ikarudi. Kioo kikaandika: tayari.

Saa kumi na nusu Wifi aliweka tiki ya ishirini na mbili. Kisha akatoa kadi ya pili kwenye kopo, akasema turudie zote. "Kitu kimoja ni kama hakuna," akasema. Tukarudia zote, na safari hii hata mvua ilisikika nzuri.

Jumamosi, 19 Aprili

Fundi amekizima kinanda saa tatu asubuhi. Ni mara ya kwanza kuzimwa kwa mkono wa mtu tangu mwisho wa Februari. Kioo kilipokuwa cheusi, Baba alisema anakwenda kuangalia mfereji wa nyuma. Hakuna kitu cha kuangaliwa mfereji wa nyuma.

Fundi akafungua skrubu kumi na nane, akaitoa betri, akanipa mkononi. Nyepesi hata haina haki ya kumtesa mtu. Akatia mpya, akafunga, akawasha. Kioo kikaandika: nyimbo sifuri. Tulijua itakuwa hivyo, lakini kuiona ile sifuri ni jambo jingine.

Wifi akaielekeza kadi. Fundi akabonyeza. Tukangoja. Moja ikaonekana, kisha mbili, zikapanda mpaka ishirini na mbili. Fundi akachagua wa kwanza, akaufungulia sauti yote.

Baba aliingia mbio kutoka mferejini, miguu ina tope mpaka magotini. Akasimama katikati ya sebule akisikiliza wimbo alioutunga mimi nikiwa darasa la sita. Nilingoja alie. "Ngoma ziko juu mno," akasema. "Siku zote nilitaka kuzishusha." Hapo ndipo alipolia, na fundi naye akapata kitu jichoni.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeshona magauni mawili kwa siku moja. Wifi amekuja kula kwetu. Tumegombana kidogo kuhusu chumvi, kama watu.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo Baba aliniuliza kadi ile imejaa kiasi gani. Nikamsomea kioo: hata sehemu moja ya mia haijatumika. Akaniuliza tena, pole pole, nyimbo ngapi zaidi zinaweza kuingia. Nikafanya hesabu kwa chaki ya kukatia nguo. Nikamwambia elfu kadhaa, na koponi kuna nyingine tano.

Halafu akasema kwamba miaka sita iliyopita kinanda kilimwambia kimejaa. Ili arekodi wimbo mpya, ilibidi afute mmoja wa zamani. Kila alipokaa kutunga alikuwa anajiuliza amfute nani.

"Ningefuta upi, mwanangu?"

Sisi sote tulidhani ni uzee. Tulidhani ni kifo cha Mama, kwamba nyimbo zilimwishia. Tulikuwa tukiambiana hivyo jikoni kwa sauti ya chini, kwa huruma. Kumbe zilikuwa zinamjia miaka yote hiyo, naye anazirudisha kwa kukosa pa kuziweka.

Nikamwambia, "Hakuna wa kufutwa, Baba."

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua imekwisha. Kwaya walifika saa nane, akina mama kumi na wawili, na kelele zao za kufika. Fundi redio alikuja pia, ati kukagua betri, akiwa amevaa shati la kutokea. Wifi alifunga studio mapema. Mimi nilikuwa namweleza yule mwanakwaya wa sauti ya pili jinsi nilivyoinua pini kwa sindano ya plastiki, na nilikuwa nimefika pale panaponoga.

Baba alikuwa ameketi mbele ya kinanda tangu asubuhi. Mkono wa kulia ulipiga sehemu yake. Kisha ukarudi mwanzo, ukapiga taratibu, noti moja moja, ile kazi ya mkono wa kushoto. Kulipokuwa na kosa alirudia. Sikuwahi kuusikia wimbo ule. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia.

Kicheko kikalipuka mlangoni. Baba akageuka, uso umekunjamana kama zamani tulipokuwa watoto na tunacheza karibu na mlango wake.

"Nyamazeni," akasema. "Narekodi."

Tukanyamaza, watu kumi na watano, tumebanana ukutani tukiwa na furaha ambayo hatukuruhusiwa kuitolea sauti.